Nusu ndoo ya maji hewani: chumba changu cha samaki Tanga

Mwenye tangi moja la samaki sebuleni hana haja ya kusumbuka na unyevu. Anaongeza jagi la maji kila baada ya siku kadhaa, basi. Mambo hubadilika matangi yakishakuwa mengi na kuhamishiwa chumba kimoja chenye dirisha moja na mlango unaofungwa. Hapo maji yanayopungua hayajaenda mbali. Yamo humo humo nyumbani: ukutani, kwenye dari, kwenye nguo za chumba cha jirani, kwenye soketi za umeme. Mimi naishi Tanga, ambako hewa huingia ndani ikiwa imeshashiba maji kabla hujaweka tangi hata moja. Mengi yaliyoandikwa kuhusu jambo hili yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaofungua dirisha wakapata hewa kavu. Huku pwani ushauri huo unafaa miezi fulani tu, na miezi mingine ni sawa na kuchota maji nje kuyaingiza ndani.

Chumba changu ni mita tatu kwa nne, na kutoka sakafuni hadi dari ni mita tatu. Kina matangi manane: manne ya sentimita 120 kwa 45, na manne madogo ya 60 kwa 40. Wakazi wengi ni samaki wa Ziwa Tanganyika, waliosafiri kutoka Kigoma kwenye mifuko iliyojazwa oksijeni. Wapo na wachache wa Ziwa Nyasa, na wapo wa hapa hapa pwani ambao nitawataja mbele.

Nilianza kwa kupima, maana kila fundi aliyeingia mle ndani alikuwa na dawa yake na hakuna aliyeuliza maji ni kiasi gani. Kifaa kilikuwa selotepu ya karatasi. Asubuhi, kabla sijagusa tangi lolote, nabandika kipande kwenye kioo usawa wa maji. Kesho yake saa ile ile napima kwa rula maji yameshuka kiasi gani. Hesabu yake haina ugumu: milimita moja ya maji kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Ukijumlisha matangi yangu yote, uso wa maji ni mita za mraba tatu na kidogo. Yakiwa wazi, pangaboi linazunguka na mawe ya hewa yanatoa mapovu, maji yalikuwa yanashuka kama milimita 3 kwa siku. Hizo ni lita kumi hivi, nusu ya ile ndoo kubwa ya kuchotea maji.

Sasa linganisha na hewa yenyewe. Hewa yenye joto la nyuzi 28 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 27 za maji kwa kila mita ya ujazo. Chumba changu kina mita za ujazo 36. Maana yake chumba kizima, hewa yake ikishiba mpaka haiwezi tena, kinabeba pungufu ya lita moja. Matangi yanataka kutoa lita kumi. Hizo zinazobaki lazima ziende mahali, na kama hukuzitengenezea njia zitajitafutia zenyewe.

Kwangu zilijitafutia njia mbili. Ya kwanza ni ukuta tunaopakana nao na chumba chetu cha kulala, ambacho kina kiyoyozi. Koga ilianza kuota pale, upande wa samaki, katikati ya ukuta, wakati kuta mbili za nje zinazopigwa na mvua ya masika zilikuwa safi. Fundi wa kwanza alisema bomba limepasuka ndani ya ukuta na akataka kuvunja. Hakuna bomba linalopita pale. Kilichokuwa kinatokea ni kile kile cha glasi ya maji ya baridi kutoa jasho mezani: kiyoyozi kinapoza matofali usiku kucha, upande wa pili hewa ya fukuto inagusa ukuta uliopoa, na maji yanatoka hewani. Ile hewa ya nyuzi 28 iliyobeba gramu 27, ikipoa mpaka nyuzi 20 inabaki na uwezo wa kubeba 17 tu. Huko Ulaya ukuta wa nje ndio wa baridi na wa ndani ndio salama. Kwetu mambo ni kinyume, na mtu akikwambia chunguza kuta za nje kwanza, mwulize anakaa wapi.

Njia ya pili ilikuwa mlangoni. Mama mkwe ana chumba chake mwisho wa korido, na kanga zake za tangu harusi ziko kwenye sanduku. Siku moja aliniita, "Mwanangu, njoo unuse hizi." Alikuwa amezitandaza kitandani. Zilikuwa na vidoa vyeusi vidogo vidogo, vingi vikiwa vimejipanga kwenye mikunjo tu, mstari ulionyooka pale kitambaa kilipogusana na kitambaa. Zimeingia koga, akasema, na sanduku hili halijawahi kuingiza koga hata nyumba ya zamani iliyokuwa inavuja. Mlango wa chumba cha samaki tulikuwa tunauacha wazi mchana "hewa ipite". Ilipita kweli, ikaenda moja kwa moja kwake.

Kabla ya kutengeneza chochote nilitaka kujua ukuta unapata maji kutoka wapi, kwa sababu nyumba za matofali ya saruji huku kwetu zina ugonjwa wao mwingine wa kupandisha maji kutoka ardhini. Kipimo chake ni kipande cha nailoni angavu, kama sentimita 30 kila upande, kinabandikwa ukutani kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa. Unakiacha siku mbili. Jasho likitokea nyuma ya nailoni, maji yanatoka ndani ya ukuta. Likitokea mbele, upande wa chumba, ni hewa. Wangu ulilowa mbele. Kipo pia kile kiunga cheupe kinachotoka chini ya kuta nyingi za Tanga, ambacho watu hukipaka rangi juu wakidhani ni koga. Kidondoshee tone la maji: kikiyeyuka kikatoweka ni chumvi ya ukutani, na dawa yake si feni.

Kipima unyevu nilinunua cha bei ya chini, kile kidogo chenye namba mbili, juu joto na chini asilimia. Vifaa hivi hudanganya, kwa hiyo nilikipima kwa chumvi. Unaweka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, unaongeza matone machache ya maji, ilowe bila kuyeyuka yote. Kizibo na kipima unavifungia pamoja kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, unaviacha usiku mzima. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi hutulia kwenye asilimia 75, iwe Tanga au Tukuyu. Changu asubuhi kilisoma 81. Nikageuza mgongo wake nikaandika kwa kalamu ya wino mzito "toa 6", na mpaka leo natoa sita. Cha pili, ninachokiweka barazani, kilikuwa sahihi kwa bahati.

Nasisitiza viwe viwili, kimoja ndani na kimoja nje, kwa sababu kufungua dirisha au kutofungua ndiko kunakosumbua watu wengi, na asilimia peke yake inapotosha. Chukua alfajiri ya Agosti. Nje ni nyuzi 20 na asilimia 95, umande umejaa kwenye nyasi, kila mtu atakwambia funga madirisha. Ndani ni nyuzi 28 na asilimia 75. Ukigeuza kuwa gramu, hewa ya nje ina gramu 16 na nusu za maji kwa mita ya ujazo na ya ndani ina 20. Ile ya nje ndiyo kavu! Ikiingia na kupata joto la chumba itashuka hadi asilimia 60 hivi yenyewe. Sasa chukua usiku wa Aprili, mvua imetoka kunyesha: nje nyuzi 25 na asilimia 95, ndani nyuzi 28 na asilimia 80. Nje gramu 22, ndani gramu 22. Fungua dirisha, funga dirisha, hujafanya kitu.

Nyuma ya mlango nimebandika karatasi yenye namba chache: nyuzi 20 gramu 17, nyuzi 22 gramu 19, nyuzi 24 gramu 22, nyuzi 26 gramu 24, nyuzi 28 gramu 27, nyuzi 30 gramu 30. Hicho ndicho kiasi ambacho hewa inabeba ikishiba. Zidisha kwa asilimia ya kipima, upate gramu zilizopo. Wanangu sasa wanaifanya hesabu hiyo kichwani haraka kuliko mimi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kufunika matangi, na kama pesa ni ya kufanya jambo moja tu ningesema lifanywe hilo na mengine yasubiri. Kifuniko hakili umeme. Umeme ukikatika masika, feni inasimama, kiyoyozi kinasimama, kifuniko kinaendelea na kazi. Nilitumia kioo cha milimita 4. Kwa matangi marefu kila kimoja kina vipande viwili, maana kipande kimoja cha sentimita 120 utakivunja siku ya kwanza ukikiinua kwa mkono mmoja uliolowa. Kingo za ndani za tangi zinabandikwa vijiti vya kioo ili kifuniko kikae chini kidogo ya ukingo. Hii ina faida: maji yanayojikusanya upande wa chini wa kioo yanadondoka tena tangini badala ya kutambaa nje na kushuka mgongoni mwa tangi. Pembe moja inakatwa kwa ajili ya mpira wa hewa na waya. Mpini ni kipande cha kioo kilichobandikwa kwa silikoni. Angalia silikoni yenyewe, ile ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia koga ni sumu kwa samaki. Nunua ile ya matangi, au ya kawaida isiyo na dawa yoyote.

Fundi alumini alinishawishi nijaribu plastiki laini angavu, ni nyepesi na haivunjiki. Ikanywa unyevu upande wa chini, upande wa juu ukabaki mkavu, ikapinda. Zile plastiki za matabaka mawili zinazoezekea vibaraza hazipindi, ila ziba ncha zake kwa silikoni, la sivyo maji na mwani vitaingia kwenye vijia vya katikati na hutaviosha maisha.

Baada ya vifuniko, selotepu ilionyesha maji yanashuka pungufu kidogo ya milimita moja. Kutoka lita kumi tukaja tatu hivi, kwa vioo tu.

Vifuniko vina deni lake. Maji yakipaa huondoka na joto, na lita kumi kwa siku zilikuwa zinaondoa joto la uniti karibu saba za umeme kwenye matangi bila mimi kulipa chochote. Ukiyazuia, matangi yanapanda nyuzi moja au mbili. Nchi za baridi wanashangilia, wanapunguza hita. Hapa kwetu hita yenyewe sina. Februari, kaskazi inavuma na jua la saa nane linachoma bati, matangi ya rafu ya juu yalikaribia nyuzi 30, na samaki wa Tanganyika hawajazoea hivyo. Ziwa lao juu juu ni nyuzi 25 hadi 27. Tena maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Kwa hiyo kwa miezi ya kaskazi, mchana navuta vifuniko nusu, nawasha feni ndogo ipulize juu ya maji, na feni ya kutolea hewa inafanya kazi mfululizo. Navumilia unyevu ili kununua ubaridi. Kati ya ukuta na samaki, ukuta utapakwa rangi tena.

Feni ya kutolea hewa ndiyo iliyofuata. Iko juu, karibu na dari, upande ulio mbali na mlango, na inatoa kama mita za ujazo 200 kwa saa. Mlango sasa unafungwa, ila chini yake fundi alikata nafasi ya vidole viwili. Feni ikivuta, hewa inaingia kutoka koridoni kupitia ile nafasi, na hakuna hewa ya samaki inayorudi upande wa mama. Hilo ndilo lililookoa sanduku la kanga, kuliko udi wote tuliofukiza. Watu wengi hugeuza feni iingize hewa, wakidhani ni yale yale. Siyo. Ukiingiza hewa, unyevu unasukumwa kwenye kila ufa wa nyumba, ikiwemo juu ya dari. Mdomo wa feni usielekee kusi pia, maana upepo wa Juni utaisukuma irudi nyuma. Na uwe na kifuniko cha kujifunga chenyewe kwa sababu ya mijusi.

Ni vizuri kujua feni inaweza nini na haiwezi nini. Lita kumi kwa siku ni gramu 417 kwa saa. Ukizigawa kwa mita 200 za hewa, kila mita inaongezewa gramu mbili juu ya ile hewa ya nje. Lita tatu zinaongeza sehemu tu ya gramu. Kwa hiyo feni pamoja na vifuniko hukufikisha karibu sana na hali ya nje, lakini chini ya hapo haikupeleki hata uweke feni tatu. Kuanzia Juni mpaka Septemba hali ya nje inanitosha kabisa, usiku hasa. Rafiki yangu wa Arusha mwenye chumba kama changu anaishi na feni moja mwaka mzima, na akinipigia simu kuniuliza mbona nasumbuka namwambia shuka Tanga Aprili tuzungumze.

Masika ni habari nyingine. Hewa ya nje ina gramu 21, 22, na ukuta unahitaji chumba kiwe chini ya asilimia 70 kama hutaki koga. Hapo hakuna ujanja, lazima maji yakamuliwe hewani kwa mashine. Vile vikopo vya chumvichumvi vya kuweka kabatini havifai hapa. Kikopo kikijaa baada ya wiki mbili kimekamua robo lita hivi, wakati chumba kinatoa lita tatu kwa siku. Weka kimoja ndani ya sanduku la nguo, sawa. Vimashine vidogo visivyo na kompresa, vinavyouzwa kwa picha nzuri, vinakamua glasi moja mbili kwa siku. Mashine ya kweli ya kukausha hewa ina kompresa, na ina tabia ambayo muuzaji hatakwambia: inapasha chumba. Kila lita inayokamuliwa inarudisha ndani joto la zaidi ya nusu uniti, na juu yake unaongeza umeme wote mashine inaokula. Kwenye chumba cha samaki huku pwani hilo ni tatizo juu ya tatizo.

Kwa hiyo mimi masika natumia kiyoyozi. Kinakamua maji hayo hayo, ila joto kinalitupa nje. Sikiweki baridi, nyuzi 26, au ile alama ya tone la maji kwenye rimoti, na kinatembea polepole. Fundi alitaka kunifungia kikubwa "kipoze haraka, mama". Kiyoyozi kikubwa kuliko chumba ndicho kibaya zaidi kwa unyevu, kinapoza upesi kikazima kabla hakijakamua kitu, unabaki na chumba baridi na chenye majimaji. Kidogo kinachofanya kazi muda mrefu ndicho kinachokausha. Kikiwa kimewashwa, feni ya kutolea hewa inazimwa na nafasi ya chini ya mlango naiziba kwa kitambaa, la sivyo unakausha hewa ya Tanga nzima. LUKU inaumia, sisemi uongo, na uniti moja kwa sisi wa matumizi ya kawaida inazidi shilingi 300. Lakini kinafanya kazi kwa saa za usiku tu, Aprili na Mei, na wiki kadhaa za vuli kama mvua ni nzito.

Yale maji ya kiyoyozi yanayotiririka nje ni masafi kwa macho na kila mgeni ananiuliza kwa nini siyarudishi kwa samaki. Yamepita kwenye mabomba ya shaba na alumini na vumbi la miezi. Shaba kidogo tu inaua kamba wa matangini na konokono. Yanakwenda kwenye mchicha.

Ukuta nao ulitaka matibabu. Ulikuwa na rangi ya mafuta, ile inayong'aa, ambayo watu huipenda kwa vyumba vya maji kwa sababu inafutika. Mahali ambapo lipu ilikuwa imeshakunywa maji, rangi ilibambuka vipande vya ukubwa wa kiganja, na nyuma yake koga ilikuwa imestarehe. Tuliloweka kwanza kabla ya kukwangua ili vumbi lake lisiruke, tukiwa tumefunika pua, kisha sabuni, kisha feni siku tatu. Dawa za klorini nilizikataa mle ndani. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuipeleka moja kwa moja ndani ya maji. Chochote unachopulizia, samaki wanakinywa. Dawa ya mbu ndiyo mbaya kupita zote, zile za kopo zina sumu ambayo kwa samaki ni kali mno kuliko kwa mtu. Pampu nimeihamishia koridoni, kwenye rafu iliyo juu kuliko usawa wa matangi ili umeme ukikatika maji yasirudi na mpira, na korido hiyo hakuna anayeruhusiwa kupuliza kitu.

Baada ya kukauka nilipaka chokaa. Mafundi wa mjini siku hizi wanaiona chokaa ni umaskini, ilhali mawe yake yapo hapo Amboni na majumba ya zamani ya pwani yamesimama nayo karne nyingi. Chokaa mpya ni kali, koga haiipendi, na inaacha ukuta upumue: unyevu ukiingia usiku unatoka mchana. Ukali wake unapungua kadiri inavyokaa, kwa hiyo unapaka tena kila baada ya mwaka au miwili, gharama yake si ya kumwogopesha mtu. Dari ya jipsamu ilikuwa imeshalegea, ukiitazama kwa pembeni unaona imetumbukia katikati. Karatasi ya jipsamu ikishaota koga haisafishiki. Tuliishusha tukaweka dari ya PVC. Na kile kitanda cha matangi cha mbao za kiwandani kilichovimba miguu tulibadilisha kwa chuma kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu, kimesogezwa sentimita 10 kutoka ukutani hewa ipite nyuma.

Niliahidi kuwataja wale wa pwani. Ni Nothobranchius guentheri, samaki wa Unguja, dume lina rangi kama limechorwa na mtoto aliyepewa kalamu zote. Wanaishi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wakubwa wanakufa na mayai yanabaki kwenye tope yakisubiri mvua ijayo. Kwa hiyo kwenye chumba ambacho napigana na unyevu kutwa, kwenye rafu ya juu ipo mifuko ya nailoni yenye unga wa makumbi ya nazi uliokamuliwa, na ndani yake mayai yanayotaka unyevu usipungue wala kuzidi kwa miezi. Mwaka ambao kiyoyozi kilifanya kazi sana nilizidisha mfuko mmoja juu ya mwingine, maana makumbi yalianza kukauka kwenye kona. Chakula cha samaki kinataka kinyume chake kabisa, na hakikai humo. Kiko jikoni kwenye chupa za kioo, pamoja na mayai ya artemia, vijidudu vya maji ya chumvi vya kulishia samaki wachanga, ambayo yakipata unyevu hayaanguliwi.

La umeme nimeliacha mwisho ila ndilo nililolifanya mapema. Fundi umeme alifungua ekstensheni iliyokuwa sakafuni nyuma ya matangi akanionyesha: shaba imegeuka kijani, na plastiki karibu na tundu moja imeanza kuwa kahawia. "Dada, hii ilikuwa inakusubiri ulale," akasema. Hakuna maji yaliyomwagika pale; ni hewa tu, na chumvi ya bahari iliyomo. Sasa soketi zote isipokuwa moja zimepandishwa usawa wa kifua kwenye ukuta wa mlangoni, zina vifuniko, na saketi yake ina swichi ya kujikata umeme ukivuja. Kila waya unaotoka tangini unashuka kwanza chini ya soketi halafu ndiyo unapanda, ili tone linalotambaa juu ya waya lidondoke pale kwenye mshuko lisifike kwenye plagi. Imebaki soketi moja ya ile feni ndogo ya Februari, bado iko chini, na fundi ameshapewa pesa ya awali aje aipandishe kabla kaskazi haijaanza.